Nani Akae Golini?

Na Mshabiki wa Simba, Simbo, Kigoma



Liko swali moja ambalo limezunguka huku kwetu Simbo, na Ujiji, na mpaka kwenye mialo ya dagaa, tangu mwaka 2023. Watu huliuliza wakikamua mawese. Huliuliza wakingojea gari la kwenda mjini. Huliuliza hata uwanjani pa kanisa baada ya Misa ya Dominika. Swali lenyewe ni hili: Nani akae golini kwa Simba?

Mgeni angedhani hili ni jambo la mchezo tu, lisilostahili nafasi katika gazeti la jamaa za Kikristo. Lakini ziko nyumba zilizonuniana kwa ajili yake. Ndugu wa tumbo moja hawasemezani juma zima, kwa sababu huyu alimtukana golikipa na yule akamtetea. Wako vijana waliobashiri matokeo kwa fedha ya mahindi, na fedha ilipopotea wakamlaani mtu ambaye hawajapata kumwona ila katika televisheni. Basi jambo linaloingia nyumbani kwa nguvu namna hii, yafaa tulitazame kwa akili.

Sitaandika hapa ni nani anayedaka juma hili. Gazeti husafiri polepole, na huenda likikufikia mambo yamekwisha geuka. Nataka tutazame yaliyokwisha tokea, ambayo hayageuki, tuone yanatufundisha nini.

KAZI ISIYO NA MWENZI

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Lango la mpira lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira uliopigwa kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hufika langoni kabla ya nusu ya sekunde kwisha. Katika muda huo mfupi, mtu mmoja hana budi kuamua aende kuume au kushoto, juu au chini.

Mshambuliaji aweza kukosa mara tano, na akifunga mara ya sita hubebwa mabegani. Golikipa aweza kuokoa mara sita, na akikosa ya saba huzomewa mpaka anapanda gari. Hii ndiyo hesabu ya kazi yake, na kila anayevaa glavu huijua.

Tena, nafasi yake ni moja tu. Kocha mwenye washambuliaji wawili wazuri aweza kuwapanga wote wawili. Mwenye viungo watatu aweza kuwatafutia mahali. Lakini mwenye makipa watatu hana ila kiti kimoja. Wawili watakaa benchi, pengine mwezi mzima, pengine msimu mzima, kwa kuwa golikipa hatolewi kwa kuchoka kama wenzake. Kwa hiyo mashaka ya mahali hapa huwa makali kuliko mashaka ya mahali pengine pote uwanjani.

Na mabeki nao huumia kwa mashaka hayo. Wanapaswa kuijua sauti ya aliye nyuma yao: akiita mpira hutoka kuufuata kweli? Akinyamaza, maana yake wauondoe wenyewe? Wavuvi wa hapa ziwani wanalifahamu jambo hili. Usiku wa giza mtu hamwoni mwenzake aliye nyuma ya mtumbwi, bali huisikia sauti yake na kuitii. Sauti ikibadilika kila usiku, makasia hugongana. Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama.

MIAKA MINANE, MAKIPA WAWILI

Sasa tutazame mambo yalivyokuwa. Mwaka 2017 Simba ilimchukua Aishi Manula kutoka Azam. Tangu msimu wa 2017/18 mpaka 2020/21, Simba ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara nne mfululizo, na Manula ndiye aliyekuwa golikipa wa kwanza. Siku zile hatukuwa na swali. Hata sisi wa huku Kigoma, fainali ya Kombe la Shirikisho ilipoletwa hapa katika uwanja wa Lake Tanganyika tarehe 25 Julai 2021, tulibishana juu ya mambo mengine yote, lakini si juu ya golikipa. Simba ilishinda siku ile 1-0 kwa goli la Taddeo Lwanga, na watani wetu wa Yanga walirudi na safari yao ndefu.

Lakini mwaka huohuo wa 2021 Yanga ilimleta Djigui Diarra kutoka Mali. Ikatwaa ubingwa wa 2021/22, na wa 2022/23, na wa 2023/24, na wa 2024/25. Nayo ikapata mara nne mfululizo, na Diarra ndiye aliyekuwa wa kwanza golini.

Hesabuni wenyewe: misimu minane, mabingwa wawili, na makipa wawili. Sisemi ya kuwa golikipa peke yake ndiye aliyeleta makombe hayo. Walikuwapo wafungaji hodari, na makocha, na fedha. Aweza mtu kusema pia ya kuwa timu inayoshinda haina sababu ya kumbadili golikipa wake, na huyo hatakuwa amekosea. Lakini mimi nasema timu isiyo na mashaka nyuma hucheza mbele kwa moyo mkunjufu, na jambo hili watani wetu walilishika wakati sisi tulipolipoteza.

JINSI MASHAKA YALIVYOINGIA

Mashaka hayakuingia kwa kosa la mtu. Yaliingia kwa kuumia. Mwanzoni mwa Aprili 2023 Manula aliumia, na baadaye akapelekwa Afrika ya Kusini kwa matibabu. Beno Kakolanya, aliyekuwa wa pili, naye hakuwapo golini katika siku zile kubwa zilizofuata. Ikabaki zamu ya wa tatu, kijana Ally Salim, ambaye wengi wetu tulikuwa hatuijui hata sura yake.

Tarehe 16 Aprili 2023 alisimama golini mbele ya Yanga. Simba ikashinda 2-0, kwa magoli ya Henock Inonga na Kibu Denis. Siku sita baadaye akasimama mbele ya Wydad ya Casablanca katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Simba ikashinda 1-0 kwa goli la Jean Baleke. Kule Morocco tulifungwa 1-0, tukatolewa kwa penalti 4-3, lakini hakuna aliyesema ya kuwa kijana alituangusha.

Agosti 13 ya mwaka uleule, katika uwanja wa Mkwakwani mjini Tanga, Simba na Yanga zilitoka bila kufungana katika mchezo wa Ngao ya Jamii. Zikapigwa penalti. Ally Salim akaokoa tatu, na Simba ikashinda 3-1. Siku ile watu wa hapa Simbo walikuwa tayari kumpa jina lake kila mtoto wa kiume atakayezaliwa.

Lakini kiangazi hicho hicho klabu ilikuwa imekwisha kutafuta golikipa mwingine, Ayoub Lakred wa Morocco. Ikawa sasa wako watatu: Mmorocco aliyenunuliwa, kijana aliyeokoa, na mkongwe aliyekuwa akipona. Nani akae golini? Kila mtu alikuwa na jibu lake, na jibu lilibadilika kila Jumapili.

Tarehe 5 Novemba 2023 Manula, aliyekuwa ametoka katika kuumia kwa miezi mingi, ndiye aliyekuwa golini tulipokutana na Yanga. Tulifungwa 5-1. Siku mbili baadaye kocha Robertinho aliondoka. Na Manula? Yeye alibaki, lakini miaka yote mizuri aliyotupa ilifutwa vinywani mwa watu kwa dakika tisini. Baada ya hapo Ayoub ndiye aliyeshika nafasi. Manula akalinda lango la taifa katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast mwezi Januari 2024, na Tanzania ikatoka 1-1 na Zambia na 0-0 na jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, Kongo. Basi mtu aliyeambiwa amekwisha, alikuwa hajesha.

Mwaka 2024, katika matayarisho ya msimu mpya, Ayoub naye akaumia. Simba ikamleta Moussa Camara kutoka Horoya ya Guinea. Mwaka 2025 Manula akarudi Azam alikotoka, na Simba ikamchukua Yakoub Suleiman kutoka JKT Tanzania. Ndivyo ilivyokwenda: katika muda usiofika miaka mitatu, swali lilelile likaulizwa kwa majina mapya.

MAONI YANGU: ALIYE GOLINI AAMINIWE

Wengine husema dawa ni kununua golikipa mkubwa zaidi. Wengine husema dawa ni kubadili kila anapokosea, ili waogope. Mimi naona dawa hizo mbili zimekwisha jaribiwa. Maoni yangu ni haya: aliye golini aaminiwe, na aliye benchi atayarishwe. Mambo haya mawili ni lazima yaende pamoja kama makasia mawili. Ukipiga moja tu, mtumbwi huzunguka mahali pamoja.

Nianze na lile la kwanza. Tarehe 19 Oktoba 2024 tulikutana na Yanga. Mchezo ulikuwa karibu kwisha pasipo goli. Mpira wa adhabu ukaingia, Camara akaupangua, haukwenda mbali. Ukarudishwa langoni, ukamgusa beki wetu Kelvin Kijili, ukaingia. Tukafungwa 1-0. Usiku ule maneno yaliyosemwa juu ya Camara siwezi kuyaandika katika gazeti hili. Wengi walitaka aondolewe kesho yake.

Haukupita hata mwaka. Aprili 2025, katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Simba ilikuwa imefungwa 2-0 na Al Masry kule Misri. Tarehe 9 Aprili, Dar es Salaam, ikayarudisha magoli yote mawili. Zikaja penalti. Camara akaokoa mbili, Simba ikashinda 4-1, ikaenda nusu fainali, ikaitoa Stellenbosch ya Afrika ya Kusini, ikaingia fainali. Ilikuwa fainali yetu ya kwanza ya Afrika tangu ile ya mwaka 1993. Berkane ya Morocco ilitushinda mwishoni, lakini hata watani walikiri ya kuwa Simba imefika mbali. Na katika ligi Camara alimaliza msimu akiwaongoza makipa wote kwa michezo asiyofungwa.

Sasa nawaulizeni, ndugu mashabiki: kama klabu ingalisikiliza kelele za Oktoba, nani angalikaa golini Aprili? Wahenga walisema, kuteleza si kuanguka. Mtu huyu aliteleza mbele ya watu, nasi tulitaka tumzike palepale.

Yuko na Juma Kaseja. Vijana wa leo pengine hawamkumbuki sawasawa. Mwaka 2003 Simba iliwatoa Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwa penalti huko huko Cairo, na golini alikuwa yeye. Akaimbwa nchi nzima. Miaka ikapita, Simba ikaachana naye, akaenda Yanga. Desemba 2013, katika mchezo ulioitwa Nani Mtani Jembe, Simba iliifunga Yanga yake 3-1, na lawama nyingi zikamwangukia yeye. Wengi walisema huo ndio mwisho wake. Lakini Septemba 2019, Tanzania ilipokutana na majirani zetu wa Burundi kutafuta njia ya Kombe la Dunia, michezo yote miwili ilitoka 1-1, ikaja penalti. Golini alikuwa Kaseja huyohuyo. Burundi hawakupata hata penalti moja, na Tanzania ikasonga mbele kwa 3-0. Ingalikuwa kosa moja hummaliza mtu, taifa lingalimtoa wapi siku ile?

Sisemi golikipa asibadilishwe kamwe. Akiumia, abadilishwe. Akiwa mgonjwa, apumzike. Akishuka mwezi mzima na kocha wake ameona kwa macho katika mazoezi, abadilishwe, tena aambiwe sababu yake uso kwa uso. Lakini asibadilishwe kwa ajili ya jioni moja, wala kwa hofu ya watu wa jukwaani. Golikipa anayejua ya kuwa kosa moja litamtoa hatatoka langoni kuufuata mpira wa juu. Atakaa kwenye mstari kama mti, na mpira utamkuta hapo hapo.

ALIYE BENCHI ATAYARISHWE

La pili ni la huyu anayesahauliwa. Tazameni Ally Salim. Hakuwa golikipa hodari asubuhi ya tarehe 16 Aprili. Alikuwa amekwisha kuwa hodari mazoezini, siku ambazo hakuna aliyemtazama. Mwalimu wa makipa alimpigia mipira, naye akaidaka, pasipo kujua siku yake itafika au haitafika. Siku ilipofika haikumkuta amelala.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, tunasoma jinsi Mitume walivyotafuta mtu wa kushika nafasi iliyoachwa na Yuda. Waliwekwa mbele wawili, Yosefu aitwaye Barsaba, na Matia. Petro hakutaka mtu mpya asiyejulikana. Alitaka mtu aliyefuatana nao siku zote, tangu ubatizo wa Yohane. Maana yake, watu hawa wawili walikuwa wamekaa siku hizo zote karibu na Bwana wetu bila kuhesabiwa katika wale Kumi na Wawili. Kura ikamwangukia Matia, ambaye tunamkumbuka kila tarehe 14 Mei. Na Barsaba? Hatusomi popote ya kuwa alinung'unika, wala ya kuwa alikwenda zake. Huyo naye ni mfano mkubwa kwa kila aliye tayari na hakuitwa.

Lakini mfano huo usiwe kisingizio cha viongozi cha kumwacha mtu akauke benchi. Kumtayarisha wa pili si kumpa jezi tu. Apewe michezo. Iko michezo ya kombe mwanzoni, na timu ndogo. Iko ya ligi baada ya ubingwa kwisha amuliwa. Iko ya kirafiki. Mabeki waizoee sauti yake mapema, si siku ya vita. Mtu hafundishwi kuogelea siku mtumbwi unapozama.

Tena tutazame na nyumbani. Agosti 2025, mashindano ya CHAN, ambayo ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani, yalifanyika katika nchi zetu tatu, Tanzania, Kenya na Uganda. Golikipa wetu Yakoub Suleiman alikuwa bado hajatajwa sana. Tanzania ilizifunga Burkina Faso, Mauritania na Madagascar, ikatoka 0-0 na Afrika ya Kati, ikatolewa na Morocco katika robo fainali kwa goli moja tu. Kumbe wako hapa hapa nchini, lakini hatuwaoni mpaka siku ya haja. Sichukii wageni. Diarra na Camara ni wageni, nao wametufundisha mengi. Lakini klabu yenye kununua golikipa ng'ambo kila mwaka, na isiyomlea hata mmoja, itaulizwa swali lilelile mwaka baada ya mwaka.

NA SISI JE?

Sasa tuje kwetu wenyewe, maana ni rahisi kumhukumu kocha kwa kuwa yuko mbali.

Tarehe 9 Aprili 2024 Simba ilikuja hapa Kigoma kucheza na Mashujaa yetu katika kombe. Mioyo ya wengi wetu iligawanyika siku ile, maana Simba ni yetu, na Mashujaa ni ya nyumbani. Zikatoka 1-1, na kwa penalti Mashujaa wakashinda 6-5. Mji ulijaa shangwe. Lakini hata katika shangwe hiyo wako waliokaa pembeni wakitafuta nani wa kulaumiwa, na wengine wakaanza kunong'ona habari za uchawi, kwamba langoni pamewekwa kitu. Ni aibu kwa Mkristo kusema hivi. Hata Bodi ya Ligi imekwisha kutoza klabu faini kwa vitendo vinavyohusishwa na ushirikina. Penalti hudakwa kwa jicho, na miguu, na mazoezi. Anayetafuta dawa langoni amekwisha kukata tamaa ya kazi.

Jambo la kubashiri nalo ni baya zaidi kuliko tunavyokubali. Mtu aliyeweka fedha ya ada ya mtoto juu ya mchezo hawezi tena kuutazama mchezo. Anatazama fedha yake ikikimbia uwanjani. Golikipa akikosa, yeye haoni binadamu aliyekosa, anaona mwizi. Ndipo matusi yanapotoka, na mengi ya matusi hayo yanampata mkewe na watoto kabla ya kumpata golikipa. Wababa, tusifanye hivi. Mtoto anayekusikia ukimwita mtu mjinga kwa kosa la jioni moja, atajifunza ya kuwa nyumba yenu haina msamaha, naye atauficha kila mtihani aliofeli.

GOLI LA KIJIJINI

Neno langu la mwisho ni juu ya viwanja vyetu vya vumbi. Watoto wakigawana timu, nani huwekwa golini? Aliye mnene, au mdogo kuliko wote, au yule ambaye hakuna aliyemtaka mbele. Tunawafundisha hivyo tangu utoto ya kuwa goli ni mahali pa kumtupa mtu. Kisha tukikua tunalia ya kuwa nchi haina makipa.

Walimu na viongozi wa vijana wa parokia, fanyeni hivi. Chagueni golikipa kwa kumpenda, kama mnavyomchagua mfungaji. Chagueni wawili, wafanye mazoezi pamoja, kila mmoja ampigie mwenzake mipira. Mmoja adake kipindi cha kwanza, mwenzake cha pili, katika michezo midogo. Siku ya mchezo mkubwa tajeni mapema nani atakaa golini, mbele ya wote wawili, na asiyetajwa aambiwe kwa upole kazi yake ni ipi. Na yule aliyetajwa akifungwa goli la kijinga, awe wa kwanza kupewa mkono, si wa mwisho.

Wala mtoto asione haya kuitwa golikipa. Katika mji mdogo wa Wadowice, nchi ya Poland, alikuwapo kijana aliyependa kusimama golini alipocheza na wenzake wa shule. Jina lake Karol Wojtyła. Ndiye aliyekuwa baadaye Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyekuja Tanzania mwaka 1990 na kufika mpaka Tabora, na aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2014.

Basi, nani akae golini kwa Simba? Jibu langu ni hili: akae yule ambaye kocha amemchagua kwa kumwona mazoezini, na akikaa aachwe akae. Nyuma yake awepo mwenzake aliye tayari, anayeheshimiwa na kupewa michezo. Na juu yao wote wawili tuwepo sisi mashabiki, tunaoshangilia wanapodaka, na tunaoweza kunyamaza wanapokosa. Hayo mawili ya kwanza ni kazi ya klabu huko Dar es Salaam. Hili la tatu ni letu hapa Simbo, na twaweza kulianza Jumapili hii.